Wakala, Idhini na Uthibitisho: Maoni juu ya Rasimu ya Istilahi za Malipo

Katika rasimu moja ya faharasa iliyoletwa mezani petu tuitolee maoni mna sentensi mbili zilizotufanya tusimame. Rasimu hiyo inahusu programu za kompyuta zinazonunua na kulipa kwa niaba ya mtu, na sentensi zenyewe ni hizi: "Wakala anaomba idhini ya mtumiaji. Wakala ikipata uthibitisho, malipo yanakamilika." Aliyeziandika hakutajwa, wala hatuna haja ya kumtafuta. Alifanya kazi aliyopewa kwa maneno aliyoyakuta, na ni maneno hayo tunayotaka kuyajadili hapa.

Nilikwenda na rasimu hiyo Uyole wakati wa likizo. Wasomaji walioko Nyanda za Juu Kusini wanapafahamu mahali hapo, ambapo barabara itokayo Dar es Salaam na Iringa kuelekea Tunduma hukutana na ile ipandayo kutoka Kasumulu na Tukuyu. Vibanda na miavuli ya mawakala wa kutoa na kuweka pesa vimejipanga pande zote. Nilimsomea mama mmoja mwenye kibanda zile sentensi mbili, bila kumweleza zinahusu nini. Alisikiliza, kisha akasema: "Kaka, hapo wamekosea. Mimi simwombi mteja idhini. Yeye ndiye anakuja kwangu, anaweka namba yake ya siri mwenyewe, mimi nasubiri meseji."

Alidhani anasemwa yeye. Na kwa nini asidhani hivyo? Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, neno wakala limekuwa na sura ya mtu: mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mwenye simu mbili au tatu, daftari, na droo ya noti. Mwananchi akisoma kwenye simu yake kwamba wakala anaomba idhini ya kutoa shilingi 40,000 atamfikiria mtu huyo. Programu ambayo hajapata kuiona haitamjia akilini. Hapo ndipo hatari ilipo, maana sentensi hiyo itaonekana na mtu ambaye fedha zake ziko karibu kuondoka.

Kabla ya kuendelea, yafaa kueleza kwa ufupi jambo lenyewe, kwa faida ya wale ambao halijawafikia. Kwa muda mrefu kompyuta kwa kawaida imelipa pale mtu alipobonyeza. Sasa zimetokea programu za akili bandia (wengine huita akili mnemba, wengine akili unde, na ugomvi huo tuuache kwa leo) ambazo hupewa agizo la jumla, nazo zikatafuta bidhaa, zikalinganisha bei, zikachagua na kulipa. Mwaka 2025 makampuni makubwa yalianza kuziwekea taratibu. Visa na Mastercard zilitangaza mipango yao mwezi Aprili. Mwezi Septemba Google ilitoa utaratibu wake wa malipo ya programu hizo, na OpenAI pamoja na Stripe zikatoa wao. Swali kubwa katika taratibu zote hizo ni lile lile: benki na muuzaji watajuaje kwamba kuna binadamu aliyekubali malipo haya, kwamba ni binadamu mwenye mali, na kwamba alichokubali ndicho kilichonunuliwa?

Hayo ni maswali matatu. Rasimu yetu inayajibu yote kwa neno moja, uthibitisho. Lakini tuanze na wakala.

Neno wakala limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni ile hali au mkataba wa kumfanyia mtu kazi kwa niaba yake. Anayefanya kazi hiyo huitwa wakili. Sisi tuliyapokea maneno yote mawili tukayapindua: wakili amekuwa mwanasheria, na wakala akawa yule mfanyaji. Baadaye neno likapewa mzigo mwingine tena pale serikali ilipounda taasisi zake za utendaji, kama Wakala wa Barabara na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hakuna ubaya lugha ikifanya hivyo. Ila tazama kilichotokea katika upatanisho wa kisarufi. Mama wa Uyole ni wakala anafanya. Wakala wa Barabara katika gazeti moja umetangaza, katika gazeti jingine imetangaza. Na katika rasimu yetu, sentensi ya kwanza inasema wakala anaomba na ya pili inasema wakala ikipata. Mwandishi amebadili ngeli katikati ya safari bila kujijua.

Wengine watasema hilo ni kosa dogo la uhariri. Mimi sikubali. Kiswahili humlazimisha msemaji aamue kama kitu kina uhai au hakina kabla hajataja kitenzi, na lugha nyingi ambazo rasimu kama hizi hufasiriwa kutoka kwazo hazimlazimishi. Mfasiri wetu alipofika kwenye kitenzi alitakiwa kujibu swali ambalo matini ya asili ililiacha: je, huyu anayelipa ni nani au ni nini? Akajibu mara mbili, kwa majibu mawili tofauti. Kusitasita kwake ni kwa kweli kabisa, na kunastahili kuheshimiwa kuliko kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Wanasheria wamelikuta swali hilo hilo. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo mizizi yake imo katika sheria ya India ya mwaka 1872, ina sehemu nzima juu ya mtu kumtuma mwingine afanye biashara kwa niaba yake, na inachukulia kwamba anayetumwa ni mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki katika mikataba ya kimataifa ulikwepa kabisa kuiita mashine wakala. Ulisema "mfumo wa ujumbe unaojiendesha", ukaongeza kwamba mapatano hayawi batili kwa sababu tu hakuna binadamu aliyepitia kila hatua. Sheria ya mfano iliyotolewa na chombo hicho hicho cha Umoja wa Mataifa mwaka 2024 juu ya mikataba inayojiendesha imefuata njia hiyo. Waandishi wa sheria, ambao kwa kawaida hawaogopi maneno mazito, waliliona neno hili wakalipita kando. Na sisi ambao tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 tunatakiwa kuziweka sheria zote katika Kiswahili, hatuna budi kuwa waangalifu angalau kiasi hicho. Neno litakaloingia leo kwenye kioo cha simu kesho litasomwa mbele ya hakimu.

Kuna jambo la kihistoria ambalo halitajwi sana na ambalo kwangu mimi linatoa mwanga. Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi iliongoza biashara ya pwani yetu, kulikuwa na mlango unaomhusu mtumwa aliyeruhusiwa na bwana wake kufanya biashara. Mtu huyo hakuhesabiwa kuwa na mali yake, lakini aliuza, alinunua, na aliingia madeni. Swali la mafakihi lilikuwa: deni hilo linamfunga bwana kwa kiasi gani? Nao walijibu kwa kutazama idhini: ilitolewa kwa maneno gani, kwa biashara gani, na je, watu wa sokoni waliarifiwa ilipoondolewa? Jina la mtumwa huyo kwa Kiarabu limetokana na shina lile lile la neno letu idhini. Simlinganishi binadamu aliyeonewa na programu ya kompyuta. Ninalosema ni kwamba neno tulilonalo liliwahi kufanya kazi ya namna hii, na lilikuwa na makali ambayo matumizi ya ofisini yameyafifisha. Hata shina letu wenyewe tuma limezaa mtume, mtumwa, mtumishi na mtumiaji, na kila mmoja wao ana madaraka yake mbele ya aliyemtuma.

Basi tuiite nini? Kenya wengi husema ajenti, na neno hilo lina faida ya kutokuwa na kibanda Uyole, ila kwetu litasikika kama mtu wa bima. Mwenzangu mmoja alipendekeza kijumbe. Mara moja tulikumbushwa kwamba kijumbe ni yule anayekusanya na kugawa fedha za upatu, hivyo tungetoka kwenye mgongano mmoja na kuingia mwingine. Nimelifikiria pingamizi hilo, nami naona lina nguvu kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kijumbe wa upatu hushika fedha zisizo zake, hutoa kwa zamu iliyopangwa na wengine, na hana ruhusa ya kubadili zamu. Wanachama wote wanajua hivyo. Na kwa kuwa yeye ni mtu, husemwa kijumbe anapokea. Programu itasemwa kijumbe kinapokea. Upatanisho utafanya kazi ambayo nomino peke yake haiwezi. Kinachonisumbua zaidi ni ile methali ya mjumbe hauawi. Methali humlinda aliyefikisha maneno kama alivyopewa. Programu hizi huchagua, na pengine huchagua vibaya, na sipendi jina liwe kinga kwa kampuni iliyoiunda. Hata hivyo mpaka lipatikane jingine, mimi nitaandika kijumbe kwa upatanisho wa ki-, na aliyekituma nitamwita mwagizaji.

Sasa tuje kwenye idhini. Rasimu hutumia idhini, ridhaa, ruhusa na kibali kana kwamba ni sahani za seti moja. Walimu wa sekondari watakubaliana nami kwamba wanafunzi hufanya hivyo hivyo, nasi huwapa alama. Lakini katika malipo, maneno haya yanatofautiana kwa wakati. Idhini hutangulia tendo. Tendo likishafanyika, aliyelikuta hawezi tena kuliidhinisha. Anaweza kuliridhia, kama Bunge linavyoridhia mkataba ambao serikali imekwisha kuutia saini. Rasimu inaposema "mtumiaji ataidhinisha malipo yaliyofanywa" inachanganya mambo mawili ambayo mahakama ingeyatenga.

Utaratibu wa Google unatusaidia kuona tofauti hiyo, maana unatenga ununuzi ambao mtu yupo na ule ambao mtu hayupo. Mtu akiwepo, huonyeshwa kapu lenyewe, bidhaa na bei, akatia saini ya kidijiti. Asipokuwepo, hutia saini mapema hati yenye nia yake na mipaka yake, kisha kijumbe kinafanya kazi ndani ya mipaka hiyo. Kwa Kiswahili cha kawaida, hati ya kwanza ni idhini, na ya pili ni agizo. Tuchukue mfano wa kwetu. Mkulima anaagiza: ninunulie kilo 20 za mbegu ya maharage Uyole 96, bei isizidi kiasi fulani, kabla ya mvua. Mbegu hizo zilitolewa na kituo cha utafiti cha hapo hapo Uyole, na majina yake yenye tarakimu, Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Uyole 03, si kitu kimoja kwa mkulima hata kama yote ni maharage. Kijumbe kikakosa Uyole 96, kikaona Uyole 03 ina nafuu, kikalipa. Agizo lilikuwepo. Saini ni ya kweli. Namba ya siri ilikuwa sahihi. Je, idhini ilikuwepo? Mimi nasema haikuwepo, na istilahi zetu ziwe na uwezo wa kusema hivyo kwa sentensi moja: malipo haya yana agizo lakini hayana idhini. Kwa rasimu ilivyo sasa sentensi hiyo haiandikiki.

Neno la tatu ni uthibitisho, nalo limekwisha kushika mizizi. Kila anayetuma fedha kwa simu hupokea ujumbe unaosema Imethibitishwa. Hatukuulizwa sisi wa istilahi wakati neno hilo linaingia kwenye simu za mamilioni ya watu, na pengine ni sawa, maana tungekuwa bado tunakutana. Lakini ni nini hasa kilichothibitishwa? Kwamba namba ya siri ililingana na salio lilitosha. Mfumo haujui kama vidole vilivyobonyeza ni vya mwenye laini, vya mtoto aliyetumwa, au vya jirani anayemsaidia bibi asiyeona vizuri. Na hata vikiwa ni vya mwenyewe, nani hajapokea ujumbe ule wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Aliyedanganywa huweka namba yake ya siri mwenyewe, kwa hiari, naye hujibiwa Imethibitishwa. Neno halikusema uongo. Limesema machache kuliko msomaji anavyolisikia.

Hapa Nyanda za Juu tuna kumbukumbu ya namna hiyo iliyotangulia simu. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09 ulimtaka mkulima atie saini au dole gumba kwenye vocha, na mawakala wa pembejeo wakalipwa kwa vocha hizo. Penginepo saini zilikuwepo na mbolea haikuwepo, na malalamiko yakafika mbali hadi serikali ikafanya uhakiki wa madai ya mawakala kabla ya kulipa. Saini ilikuwa uthibitisho. Uhakiki ulikuja kuuliza kama uthibitisho huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku ya mbolea Agosti 8, 2022 katika viwanja vya John Mwakangale, hapo Uyole, mpango mpya ulijengwa juu ya kuandikishwa kwa wakulima katika mfumo wa kompyuta. Karatasi iliondoka, lakini lile swali la nani alikubali nini lilibaki.

Napendekeza basi maneno matatu yasiyobadilishana. Utambuzi uwe ni kujua kwamba huyu ndiye mwenyewe, iwe kwa namba ya siri, alama ya kidole au sura. Uthibitisho ubaki kuwa ile alama au hati inayobaki baada ya mtu kukubali. Na uhakiki uwe ni kazi ya kuupima uthibitisho huo dhidi ya malipo yenyewe: kiasi ni kile, mpokeaji ni yule, muda haujapita. Umoja wa Ulaya uliliweka jambo hili la mwisho katika kanuni zilizoanza kutumika Septemba 14, 2019. Kwa malipo mengi ya kielektroniki ya mbali, alama ya kukubali hufungwa na kiasi na mpokeaji, hata kimojawapo kikibadilika alama inakufa. Huo ndio uhakiki, na kuuita uthibitisho ni kuwaficha wananchi kinga ambayo wangeweza kuidai.

Najua walimu wa fasihi watalalamika kwamba uhakiki ni wao. Tayari walikwisha kuugawana na Ofisi ya Utumishi mwaka 2017, wakati uhakiki wa vyeti ulipowatoa kazini maelfu ya watumishi, wala hakuna mwanafunzi aliyedhani vyeti vilikuwa vinasomwa kama riwaya. Neno limetokana na haki na hakika. Linatafuta kilicho kweli chini ya kinachoonekana. Kuthibitisha ni kufanya jambo liwe thabiti, lisitikisike. Ni vibaya kulithibitisha jambo kabla ya kulihakiki, na utaratibu wa maneno kwenye vioo vya simu zetu leo ndio huo.

Kwa maneno hayo, zile sentensi mbili zingeandikwa hivi: "Kijumbe kinaomba idhini ya mwagizaji. Baada ya mwagizaji kutambuliwa na idhini yake kuhakikiwa, malipo yanafanyika." Ni ndefu kuliko zile za kwanza, na mtaalamu wa kampuni atasema hazitoshi kwenye kioo kidogo. Nilimsomea yule mama pia. Alisema sasa ameelewa kwamba si yeye, lakini akauliza: kama mwagizaji amebadili mawazo njiani, kabla kijumbe hakijalipa, anafanyaje?

Nimeipekua rasimu yote, kurasa kwa kurasa. Ina maneno saba ya kutoa idhini na halina hata moja la kuiondoa. Kufuta hakufai, maana hufutwa kilichoandikwa na hapa kumbukumbu ya idhini lazima ibaki. Kubatilisha hufanywa na mahakama, na humaanisha jambo lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kutangua ndiko kunakaribia: ndoa hutanguliwa, uteuzi hutenguliwa, na kabla ya hapo vyote vilikuwa halali. Kati ya tangua na tengua, hata hivyo, wajumbe wa kamati hawajapatana, na wasomaji walioko mahakamani, mabenki na vyuoni wanaombwa watuletee mifano ya matumizi waliyokutana nayo.